Shokapu

Mafundi wa gereji zetu walilikata neno refu la Kiingereza likawa shokapu, na limekaa vizuri mdomoni. Tatizo ni kwamba watu hulitwisha kazi isiyo yake. Mwenye Land Cruiser pikapu kuukuu, iliyolala nyuma kwa mizigo, hununua shokapu mpya akitumaini gari litanyanyuka. Halinyanyuki. Uzito hubebwa na springi. Shokapu huizuia tu springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko hugeuka joto. Ukiigusa baada ya safari ndefu ya barabara mbovu, utaungua. Ningependa kuiita kitulizo, ila dukani nani angenielewa?

Usukani una bahati zaidi: neno hilo lilianza majini, kwenye vyombo, likapanda nchi kavu na maana yake ileile. Usukani wa gari ukiwa na pleyi, kagua boljointi na boksi la usukani. Pikapu za Land Cruiser za kabla ya 1999 zina springi za bapa hata mbele, hivyo bushi zake zikilika, gari huyumba hata kama usukani ni mzima.