Redio ya Sufuria na Bei ya Sikukuu

Desemba inapokaribia, maduka ya vyombo vya umeme hubadilika sura. Karatasi nyekundu na za manjano hubandikwa madirishani, bei ya zamani hukatwa kwa mstari na chini yake huandikwa bei mpya kwa tarakimu kubwa. Spika huwekwa mlangoni kuwaita wapita njia. Kwa mfanyakazi aliyepokea mshahara wa mwisho wa mwaka, na kwa mkulima wa korosho aliyekwisha kulipwa, huo ndio wakati ambapo televisheni, redio au simu huonekana rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Lakini Januari nayo iko mlangoni, pamoja na sare zake, madaftari yake, kodi ya nyumba, na ada kwa wale wanaosomesha katika shule za binafsi.

Kwa hiyo, msikilizaji, leo nazungumzia historia ya bei hiyo ya sikukuu, nikiongozwa na swali moja ambalo karatasi ya dirishani hailijibu: chombo hiki kitakula kiasi gani baada ya kufika nyumbani?

Tuanze na sikukuu zenyewe. Mwaka 1939, nchini Marekani, Sikukuu ya Shukrani ilikuwa iangukie tarehe 30 Novemba, Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Kwa desturi yao, mauzo ya Krismasi yalianza baada ya sikukuu hiyo. Wenye maduka waliona muda uliobaki ni mfupi mno, wakamwomba Rais Franklin Roosevelt aisogeze mbele kwa juma moja, naye akakubali. Baadhi ya majimbo yalikataa, ikawa taifa moja linasherehekea siku mbili tofauti. Bunge lao lilimaliza mzozo mwaka 1941 kwa kuweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Ijumaa inayofuata ndiyo iliyokuja kuitwa Ijumaa Nyeusi, jina lililotumiwa na polisi wa mji wa Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960 kwa kuchoshwa na msongamano wa magari na wanunuzi. Leo jina hilo tunalisikia Nairobi na Dar es Salaam, ambako hakuna anayeisherehekea Sikukuu ya Shukrani yenyewe. Kule Ghuba, wafanyabiashara waliona si vizuri kuiita Ijumaa nyeusi, wakaiita Ijumaa Nyeupe. Punguzo ni lile lile.

Lakini mfano unaotufaa zaidi hautoki Marekani. Unatoka kwa jirani zetu wa Zambia, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1941, kulianzishwa kituo kidogo cha redio mjini Lusaka, kikatangaza kwa lugha za Kiafrika. Kituo kilikuwepo, watangazaji walikuwepo, ila wasikilizaji wengi hawakuwa na chombo cha kusikilizia. Redio za siku zile zilitumia valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyopata moto, na zilihitaji umeme wa nyumbani au betri nzito kama ya gari. Kwa bei zilivyokuwa, mwanakijiji hakuweza hata kuziota. Mkurugenzi wa habari wa koloni hilo, Harry Franklin, alikwenda Uingereza kuwasihi wenye viwanda watengeneze redio ndogo ya masafa mafupi, imara, ya bei nafuu, inayotumia betri kavu. Wengi hawakuona soko. Waliokubali mwishowe walikuwa Ever Ready, na hao, msikilizaji, walikuwa watengenezaji wa betri.

Redio hiyo ilitoka mwaka 1949. Gamba lake lilikuwa la duara, la aluminiamu, upana wa inchi tisa, kwa sababu mfano wa kwanza ulitengenezwa kwa sufuria hasa. Ikapakwa rangi ya buluu, nayo ikaitwa Saucepan Special, ambayo sisi tungeiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Katika miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa redio 1,500, kwa watu ambao wenye viwanda walikuwa wamesema hawawezi kununua redio.

Hapo ndipo wanaosimulia habari hii hupenda kuishia. Mimi naona utamu wake unaanzia hapo. Betri ya redio ile ilikuwa na bei yake mbali: pauni 1 na shilingi 5, nayo ilidumu kwa saa zipatazo 300. Kwa vijana wasioijua hesabu ile ya kikoloni, pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi ya Kiingereza ilikuwa peni 12. Kwa hiyo betri moja ni shilingi 25, sawa na peni 300. Peni 300 kwa saa 300 ni peni moja kwa kila saa ya kusikiliza.

Sasa chukua mtu aliyewasha redio yake saa tatu kila jioni. Betri moja ingemfikisha siku 100. Kwa mwaka angehitaji karibu betri nne, na gharama yake ni pauni 4 na shilingi 11. Yaani ndani ya mwaka mmoja betri zingelikula karibu fedha ile ile iliyonunulia redio, na mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo. Sioni ajabu kwamba ni kampuni ya betri iliyoona faida pale ambapo wengine waliona hasara.

Hata hivyo, nasema redio ile ilikuwa biashara ya haki. Aliyeinunua aliambiwa mambo yote mawili, bei ya chombo na umri wa betri, akaweza kupiga hesabu hata kwa vidole. Tena jioni ya kijijini redio moja haikusikilizwa na mtu mmoja. Ile peni ya saa moja iligawanyika kwa masikio ya ukoo mzima na majirani wao.

Huku kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika Julai 1951, na tatizo lilikuwa lile lile. Wokovu ulikuwa umeanza kupikwa mbali. Mwaka 1947 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani waligundua transista, kijidude kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila kupata moto na kwa umeme kidogo sana. Ilipita miaka saba kabla hakijamfikia mnunuzi wa kawaida kwa umbo la redio, na hebu fikiri kilimfikia msimu gani. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1, ilitangazwa Oktoba 1954 na kuingia sokoni mwezi uliofuata, tayari kwa Krismasi. Bei yake ilikuwa dola 49 na senti 95. Ilikuwa inatosha mfukoni, na kila kijana aliitaka.

Jarida la wanunuzi la huko, Consumer Reports, liliipima mwaka 1955 na kuwashauri wasomaji wasiinunue, kwa kuwa ilikuwa na kelele na haikutulia katika baadhi ya mawimbi. Betri yake ilikuwa ya volti 22 na nusu, ambayo hukuweza kuichomoa kwenye tochi, na ilidumu saa 20 hadi 30 tu. Watu walinunua hivyo hivyo, redio zipatazo 100,000 katika mwaka wa kwanza. Siwalaumu, kitu kipya kina mvuto wake. Lakini miaka kumi haikupita, redio za transista kutoka Japani zikawa zinauzwa huko kwa dola zisizofika 15, tena zikisikika vizuri zaidi. Wale wa Krismasi ya 1954 walilipia uchanga wa chombo, na hakuna karatasi ya punguzo ambayo ingewapa faida kama ile waliyoipata waliosubiri.

Transista ndiyo iliyoipeleka redio Sumbawanga na Newala, kwa sababu ilikula betri za kawaida zinazopatikana katika duka lolote la kijijini. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam, kikatoa betri na redio za National. Wengi wetu tumekulia kando ya redio hizo. Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya uhaba, ambapo redio ilikuwepo kabatini na betri haikuonekana dukani. Watu walizianika betri zilizokwisha juu ya bati, zipate jua, zisukume japo taarifa ya habari ya jioni. Hakuna aliyeuliza tena redio ilinunuliwa kwa bei gani. Thamani yake ilikuwa ni kama inasema au haisemi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha za kigeni waagize bidhaa wenyewe, na milango ikafunguka. Dubai ikawa jina la kila mtaa wa Kariakoo. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, bidhaa zilikuwa zimekwisha kutangulia. Tangu hapo tatizo letu si uhaba tena, ni wingi, na wingi una ujanja wake.

Ujanja wa kwanza ni ile bei iliyokatwa kwa mstari. Je, kuna mtu aliyewahi kuilipa? Swali hili ni la zamani. Marekani, tume yao ya biashara ilitoa mwongozo mwaka 1964 kwamba bei ya zamani inayotajwa kwenye punguzo iwe bei ya kweli, ambayo bidhaa ilikuwa ikiuzwa hadharani kwa muda wa kutosha. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu Mei 2022, anayetangaza punguzo hutakiwa kutaja bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Hapa Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mwananchi wa kawaida, lakini, hana haja ya kusubiri afisa aje. Apite dukani Oktoba, aandike bei katika daftari, arudi Desemba na daftari lake. Atashangaa ni mara ngapi shilingi laki tano zilizopunguzwa ndizo zile zile laki tano za Oktoba.

Ujanja wa pili ni mgumu zaidi kuuona, kwa sababu hauko dukani. Ni chombo kizima, kizuri, ambacho muda wake umekaribia kwisha. Kumbuka Krismasi ya mwaka 2012. Televisheni za chogo ziliuzwa kama kawaida, na usiku wa tarehe 31 Desemba, siku sita tu baada ya Krismasi, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Miji mingine ilifuata mwaka 2013. Aliyenunua televisheni ya analojia akidhani amemaliza alijikuta anarudi dukani kutafuta king'amuzi, na baada ya king'amuzi, malipo ya kila mwezi kwa vituo vya kulipia. Hakuibiwa na mtu. Kuzimwa kwa mitambo kulikuwa kumetangazwa mapema, hata kwenye redio. Kilichokosekana ni mtu wa kuliunganisha tangazo lile na karatasi nyekundu ya dirishani.

Kwa upande wa simu mambo yalikuwa makali zaidi. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na simu zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016. Wengi walioumia walikuwa wale wa kipato kidogo, walionunua simu ya bei chee yenye jina linalofanana na la kampuni kubwa. Kisha kuna simu halisi, isiyo bandia, ambayo imekaa ghalani miaka kadhaa na programu zake zimezeeka. Februari 2020 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika baadhi ya simu za zamani za Android na iPhone, na tangu hapo imeendelea kuziacha nyingine nyuma. Simu inawaka, inapiga, lakini mama aliyeinunua ili azungumze na mwanawe aliyeko Muscat hapati alichokifuata.

Ndiyo maana nilifurahi niliposoma sheria iliyoanza kutumika Ulaya tarehe 20 Juni 2025. Simu mpya zinazoingizwa katika soko lao ni lazima betri yake ihimili kuchajiwa mara 800 ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Programu iendelee kuboreshwa kwa miaka mitano tangu simu ya mwisho ya aina hiyo iuzwe. Na vipuri vikuu vipatikane kwa miaka saba. Hesabu hizo ni ndugu wa zile saa 300 za redio ya sufuria, na mnunuzi anaweza kuzipigia hesabu kwa vidole. Mara 800, ukichaji kila siku, ni zaidi ya miaka miwili.

Sheria hiyo ni ya kwao, si yetu, lakini maswali yake hayana mpaka, na muuzaji wa Kariakoo au wa Mtaa wa Luthuli anaweza kuulizwa yote: programu za simu hii ni za mwaka gani, betri yake inabadilika, fundi gani ana kioo chake, na televisheni hii inakula wati ngapi. Muulize na fundi wa mtaani kwako pia, kabla ya kununua. Yeye ndiye anayejua ni zipi zinazorudi mezani kwake kila mwezi, na hana karatasi nyekundu ya kubandika. Na kwa simu, usiridhike na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Bonyeza *#06# kwenye simu yenyewe, mbele ya muuzaji, ulinganishe namba itakayotokea na ile ya boksi, fedha zikiwa bado mfukoni mwako.