Kutoka Jiwe Jeusi la Uluguru hadi Mto Mkuju: Historia ya Maada Yabisi Zinazofunga Urani

Mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, umo katika Mkoa wa Ruvuma, na jina hilo hupotosha. Maji ya Mkuju hayafiki kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma. Hatimaye huingia Luwegu, kisha Rufiji. Hata hivyo, barabara ya Songea hadi bandari ya Mtwara hupita Namtumbo, hivyo pwani ya kusini haiwezi kuwekwa kando ya mjadala. Kiini cha mjadala ni iwapo kitu kigumu kinaweza kuishikilia urani muda wa kutosha.

Swali hilo lina historia ndefu nchini kuliko inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, machimbo ya ulanga katika milima ya Uluguru yalitoa fuwele nyeusi na nzito za uraniniti. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin alieleza madini ya manjano yaliyotokana na fuwele hizo, akayaita rutherfodini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Baadaye Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi iliyotolewa katika uraniniti ya Morogoro. Uzito wake wa atomi ulikuwa takriban 206.05, ilhali wa risasi ya kawaida ni 207.2. Risasi hiyo ilizaliwa na urani ndani ya jiwe, ikabaki humo kwa mamia ya mamilioni ya miaka, bila pipa wala mlinzi. Kipimo hicho hukumbukwa zaidi kama ushahidi wa isotopu; maana yake kwa uhifadhi wa taka haijatiliwa maanani ipasavyo. Lakini ganda la manjano nalo lina ushahidi wake: palipofika maji, oksijeni na kabonidayoksaidi, urani iligeuka kaboneti, na katika hali hiyo huweza kusafiri na maji.

Wahandisi walifuata mafunzo hayo baadaye. Mwaka 1978 kiwanda cha Marcoule, Ufaransa, kilianza kuyeyushia taka kali katika kioo. Kioo hupokea mchanganyiko wa elementi nyingi, ila urani kidogo tu. Mwaka huohuo Ted Ringwood wa Australia alipendekeza Sinroki, seramiki ya titaniamu inayoiga madini ya asili yaliyohifadhi urani. Kundi mojawapo ni pairokloro, ambalo hupatikana pia katika kilima cha Panda, Mbeya. Kwa taka zenye urani nyingi, seramiki ya aina hiyo hufaa kuliko kioo.

Mkuju ni jambo jingine. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia eneo la mradi liondolewe katika mipaka ya Selous, na mwaka 2013 kampuni ya Mantra Tanzania ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji. Mbale yake ni mchanga-mwamba wenye urani chini ya sehemu moja katika elfu. Urani ikiisha kutolewa, karibu mwamba wote husalia kama mabaki, pamoja na radiamu na thoriamu-230, ambayo nusumaisha yake ni takriban miaka 75,000. Wingi huo hauchomwi ukawa seramiki. Huzuiwa kwa matuta, matandiko na udongo. Kutaja Sinroki ili kuwatuliza wananchi ni kuchanganya taka mbili zisizofanana. Mabaki ya Mkuju yangebaki mchanga uliosagwa, juu ya Luwegu, na walio chini ya mkondo ni watu wa Rufiji.