Njia Mbili na Fisi: Ubora na Upungufu wa Hadithi za Matawi

Methali yetu yasema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Ngano inayoieleza methali hiyo yajulikana na kila mwalimu: fisi alifika njia panda, akanusa harufu ya nyama ikitoka pande zote mbili, akaweka mguu huku na mguu kule akitumaini kuzifuata njia zote kwa wakati mmoja, mwisho akapasuka. Mafunzo ya ngano hiyo ni wazi. Lakini tangu miaka ya 1980 imekua aina ya hadithi ambayo yaelekea kumpa fisi alichokitaka. Msomaji huifuata njia ya kulia hata mwisho wake, kisha hurudi njia panda akaifuata ya kushoto, wala hapasuki.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hadithi za namna hiyo zilivyokua, ubora wake na upungufu wake. Kisha kuzipima kwa mahali ambapo njia panda si maneno ya fumbo, yaani makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda.

Zilikotoka

Hadithi inayomwachia msikilizaji uamuzi si ngeni kwetu. Mwaka 1975 mtaalamu wa Kimarekani, William Bascom, alichapisha kitabu kizima juu ya ngano za Kiafrika za mtanziko, yaani zile ambazo msimulizi hufika mahali akanyamaza na kuwatupia wasikilizaji swali. Ndugu watatu wampenda msichana mmoja. Wa kwanza, kwa kioo chake, aona kwamba msichana yu mgonjwa nchi ya mbali. Wa pili awafikisha wote huko kwa chombo chake cha ajabu. Wa tatu amponya kwa dawa yake. Nani amwoe? Au mtu avuka mto pamoja na mama yake na mkewe, mtumbwi wapinduka, naye aweza kumwokoa mmoja tu. Amwokoe nani? Msimulizi hajibu. Shina la hadithi ni moja. Matawi yamo vinywani mwa wasikilizaji, nao hubishana hata usiku ukaisha.

Katika maandishi, Jorge Luis Borges wa Argentina alitoa mwaka 1941 hadithi fupi juu ya riwaya ambayo ndani yake mambo yote yawezayo kutokea hutokea. Mwaka 1979 huko Marekani vilianza kuuzwa kwa wingi vitabu vya watoto vya Edward Packard na wenzake, ambavyo chini ya ukurasa humwambia msomaji: ukitaka kuingia pangoni fungua ukurasa fulani, ukitaka kurudi nyumbani fungua mwingine.

Japani ndiko fani hii ilikohamia katika kompyuta. Mwaka 1983 Yuji Horii alitunga mchezo wa upelelezi wa mauaji katika mji wa Kobe, na mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ikaanza kutoa riwaya za kusomwa kwenye kiwambo cha televisheni. Muundo wake ni huu: picha husimama, maneno hupita juu yake au chini yake, na kila baada ya kitambo msomaji huulizwa atende nini. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyesoma visa vya Lance Spearman katika jarida la African Film, miaka ya 1960 na 1970, asingeshangazwa na picha zinazosimulia hadithi. Lililo jipya ni swali.

Sehemu kubwa ya riwaya hizo iliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na mambo ya chumbani yamo ndani yake. Kazi ya kampuni ya ELF iitwayo Dōkyūsei, ya mwaka 1992, iliimarisha desturi ambayo bado imeenea: kila mwanamke katika hadithi ana tawi lake, na msomaji huchagua tawi kwa kumchagua mwanamke. Mwaka 2004 ilitokea programu ya bure iitwayo Ren'Py, iliyotungwa na Tom Rothamel, nayo ikawawezesha watu wasio na kampuni wala mtaji kutunga riwaya za aina hii popote walipo.

Ubora wake

Ubora wa kwanza ni kumfanya msomaji awajibike. Katika Kamaitachi no Yoru, kazi ya Chunsoft ya mwaka 1994, wageni wamefungiwa na theluji katika nyumba ya wageni milimani, na mwuaji yumo miongoni mwao. Msomaji akichelewa kumtambua, watu huendelea kufa. Katika riwaya ya kawaida twamhukumu mhusika kwa uzembe wake. Hapa aliyezembea ni sisi.

Ubora wa pili ni kumwonyesha mtu mmoja kwa pande nyingi. Mfano mzuri ni Fate/stay night ya mwaka 2004, ambayo ina njia tatu zinazofunguka kwa utaratibu uliowekwa na mtunzi. Mhusika mkuu ni kijana atakaye kumwokoa kila mtu. Njia ya kwanza yaitukuza shauku yake hiyo, ya pili yaiweka kizimbani, na ya tatu yamdai aiache kwa ajili ya mtu mmoja ampendaye. Msomaji amalizapo njia zote ajua mambo ambayo kijana mwenyewe hayajui katika njia yoyote peke yake. Riwaya yenye mwisho mmoja haiwezi kulifanya hilo kwa wepesi.

Kazi hiyo ilitolewa kwanza kwa watu wazima. Mwaka 2007 ilitoka nakala iliyoondolewa mambo ya chumbani, na hadithi ikasimama vile vile. Hiki ni kipimo kinachotufaa sisi walimu: liondoe lile lililotiwa ili kuvutia wanunuzi, kisha tazama kilichobaki. Kazi nyingi za aina hii, zikipimwa hivyo, hubaki na picha tu.

Upungufu wake

Upungufu wa kwanza ni wa hesabu. Hadithi yenye njia panda kumi, kila moja ikiwa na matawi mawili yasiyokutana tena, itakuwa na miisho 1,024. Hakuna mtunzi awezaye kuiandika vema miisho hiyo yote. Kwa hiyo watunzi hulazimika kuyarudisha matawi yakutane mbele kidogo, na msomaji aliyejiona amechagua akuta kwamba njia zote mbili zilikuwa zikienda soko lile lile.

Wa pili ni wa wahusika. Mwanamke akiwa tawi, huwa zawadi ya kubonyeza jibu sahihi. Hana safari yake mwenyewe. Yupo pale akimngoja msomaji, na asipochaguliwa hutoweka kana kwamba hakuwa na maisha. Huu ndio udhaifu mkubwa wa riwaya za watu wazima za namna hii. Si kwamba zasema mambo ya utu uzima, maana fasihi yetu pia huyasema, bali kwamba mara nyingi hazina watu wazima ndani yake.

Wa tatu ni urahisi wa kurudi. Msomaji huhifadhi mahali alipofika, hujaribu njia moja, na isipompendeza hurudi. Majuto hayapo tena mwishoni; yamefutwa. Mhusika aweza kufa mara ishirini na msomaji asishtuke hata mara moja.

Wa nne haujatajwa sana, nao naona ndio mzito kuliko yote. Hadithi ya matawi humfundisha msomaji kwamba kila mwisho umetokana na uchaguzi. Aliyefika pazuri alichagua vema, aliyeangamia alikosea. Fani inayofundisha uwajibikaji yaweza, isipoangaliwa, kufundisha lawama.

Nakivale na Mbarara

Makazi ya Nakivale, yapata kilomita 60 kutoka Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili, hasa kile kilicholetwa na Wakongo, kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana huko.

Tuchukue kisa kimoja cha historia. Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa mashambani mwao katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo. Mbele yao palikuwa na njia mbili: kukimbilia makazi ya Nakivale na Oruchinga, au kuelekea mpaka wa Rwanda. Makumi ya maelfu walivuka. Mwezi uliofuata Rwanda ikafunga mpaka, na maelfu ya watu wakakwama katika ukanda mwembamba mpakani. Waliokwama na waliovuka walikuwa wamechagua njia ile ile. Kilichowatenganisha ni siku chache, na uamuzi uliokatwa na wengine. Je, twaweza kusema waliokwama walichagua vibaya?

Hata leo njia panda ipo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 yamruhusu mkimbizi kwenda atakako nchini. Hata hivyo misaada mingi hutolewa ndani ya makazi. Akibaki Nakivale apata kiwanja, shule na mgao, ingawa mgao huo ulipunguzwa mwaka 2020 na tena 2023. Akihamia Mbarara apata soko na vibarua, lakini kodi ya chumba ni juu yake. Kila njia ina faida yake na hasara yake, na aliyeichagua moja haonyeshwi mwisho wa ile nyingine.

Watunzi wachache wamelielewa jambo hili. Mwaka 2017 ilitoka Ufaransa kazi iitwayo Bury Me, My Love, inayosomwa kwenye simu ya mkononi. Nour, mwanamke wa Syria, asafiri kuelekea Ulaya; mumewe Majd abaki nyuma, na msomaji, akiwa Majd, humpa mkewe shauri kwa ujumbe mfupi. Kazi hiyo ina miisho 19. Nour aweza kulikataa shauri, na aweza kukaa kimya kwa saa nyingi huku msomaji akingoja. Wengine wameilaumu kwamba shauri jema laweza kuleta mwisho mbaya. Mimi naona hapo ndipo penye ukweli wake: uchaguzi hufanywa gizani, na Nour si zawadi ya mtu bali ni msafiri mwenye akili zake.

Wala tusidhani kwamba ufundi huu ni wa nchi za mbali tu. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, na kwayo akajifunza kutunga michezo juu ya amani.

Darasani

Mtaala wa sekondari ulioanza nchini Uganda mwaka 2020 uliingiza Kiswahili katika masomo ya vidato vya kwanza, na walimu wengi wanatafuta mazoezi ya utungaji yatakayowapendeza vijana. Hadithi ya matawi yafaa sana, na haihitaji kompyuta. Ubao na chaki vyatosha. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, njia panda iwe moja tu. Mwanafunzi aandike shina moja na miisho miwili iliyotimia, badala ya miisho minane iliyokonda. Pili, katika kila mwisho kipatikane kitu na kipotee kitu, na mhusika asiyechaguliwa aonekane akiendelea na maisha yake. Tatu, na hili ndilo la kuangaliwa zaidi, mwalimu asimtake mwanafunzi aandike safari ya familia yake mwenyewe. Katika darasa la Nakivale yumo mtoto ambaye baba yake alishika njia ya kushoto hakuonekana tena. Swali la kwamba ingekuwaje kama angeshika ya kulia analo tayari, na huliuliza usiku bila kuambiwa na mwalimu. Mpeni fisi, mpeni ndugu watatu na kioo chao, mpeni mtumbwi na mto. Akitaka kuileta safari yake mwenyewe, ataileta siku aipendayo.

Kisha, hadithi zikisomwa, darasa lisiulizwe ni nani aliyechagua vema. Liulizwe: je, mtu huyu alipofika njia panda, alikuwa akijua nini?