Sukari ya Saa Nne

Chai ilianza kupandwa Kyimbila, hapa Rungwe, mwaka 1904, Wajerumani wakitawala kutoka Tukuyu, mji waliouita Neu Langenburg. Kiwanda cha sukari hawakutuachia, na mpaka leo Rungwe hatuna. Majani yetu, sukari ya wenzetu.

Babu yangu hilo halikumsumbua. Alikulia kwenye kijiji cha rika, ule utaratibu wetu Wanyakyusa ambao wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliukuta miaka ya 1930: mvulana akifika miaka kumi hivi anaondoka kwa baba yake, anajenga kibanda na wenzake. Mchana wanachunga ng'ombe. Chakula wanakwenda kula kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Utamu wao, alivyotusimulia, ulikuwa machungani: ndizi mbivu, na muwa uliokatwa vipande vya kugawana. Aliyekula kwa kujificha alichekwa mwaka mzima.

Shule ikaja na kengele, kengele ikaleta uji wa saa nne. Nilipoingia bweni mwanzoni mwa miaka ya 1980, uji huo haukuwa na sukari. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilikuwa limekipora kiwanda cha Kagera mwaka 1978, vita vikala fedha za kigeni, sukari ikawa ya mgawo: balozi wa nyumba kumi anasoma majina, mama kasimama foleni na kibakuli. Ya magendo ilivuka mto Songwe kutoka Malawi, upande wa Kasumulu. Waziri Mkuu Sokoine alipowaandama walanguzi mwaka 1983, hiyo nayo tukawa tunaitaja kwa kunong'ona.

Basi saa ya sukari ikahamia usiku. Taa zikizimwa, mwenye nayo anafungua sanduku lake la bati taratibu (bawaba zile zilikuwa na umbeya!), tunakinga viganja, kila mmoja kijiko kimoja, tunailamba kavu chini ya blanketi. Sijala keki iliyoishinda.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa. Leo saa nne iko getini: soda, biskuti, barafu za rangi, Tukuyu hii ya baridi na mvua! Mjukuu wangu ananunua yake, mwenzake yake. Nikamwuliza kwa nini asibebe ndizi mbivu za nyumbani.

"Bibi, zile si zinakwenda Dar?"

Ni kweli. Lori huzipakia zingali mbichi.