Daftari Langu na Kitabu cha Padri Abdallah

Pale Nanganga, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile iendayo Masasi, nilipata kushinda kutwa nzima chini ya mwembe nikingoja gari. Kando yangu alikaa mzee wa Kiyao, na kwa kuwa gari halikuja, alinisimulia. Alianzia kwenye kilima cha Yao, ng'ambo ya Ruvuma, kilima kisicho na miti ila majani matupu, ambako ndiko jina letu Wayao lilikotoka. Nilikuwa mwalimu mchanga. Niliyaandika yote katika daftari la shule.

Miaka mingi baadaye niliikuta habari ileile imepigwa chapa. Mwandishi alikuwa Padri Yohanna Barnaba Abdallah, Myao mwenzetu, aliyesomeshwa Kiungani, Unguja, akapata upadri mwaka 1898 na kufanya kazi Unango, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilitoka Zomba mwaka 1919, Kiyao pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Meredith Sanderson. Kusema kweli niliona wivu kwanza, ndipo nikafurahi.

Abdallah hakupamba. Anawaeleza Wachisi, ukoo wa wahunzi, waliofua majembe na kuyatembeza kuyauza. Anaeleza misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani, na alipofika kwenye biashara ya watumwa hakuwafichia wazee wake. Padri wa misheni ileile iliyowaleta Masasi, mwaka 1876, watu waliookolewa utumwani, angeweza kuuruka ukurasa huo kwa haya. Hakuuruka. Kwangu mimi hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na santuri yake ya kunasia sauti, akazinasa nyimbo za watu wetu katika nta na kurudi nazo Leipzig, kwenye jumba la makumbusho alikofanya kazi. Simlaumu, bila yeye nyingine zingekufa na waimbaji. Lakini mjukuu wa mwimbaji atafikaje Leipzig? Abdallah aliandika kwa lugha ambayo nyanya yake angesomewa na kuielewa, tena angeweza kumkosoa.

Daftari langu lilikuwa na habari za mzee yule, na pia hadithi kumi na moja za Kimwera nilizopewa na bibi mmoja jirani wa shule yetu. Ofisi moja iliniomba, kwa siku chache tu, kwa ajili ya maonyesho. Nilitoa kwa fahari, bila nakala. Nilipolifuata, karani aliyelipokea alikuwa amehamishwa, na kabati halikuwa na kitu ila risiti za zamani.

Nimeanza upya sasa. Habari ya kilima ninayo, maana Abdallah aliniwekea. Zile kumi na moja za bibi, nimezikumbuka nne.