Bei ya Haki ya Gari Kuukuu

Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko nao una bei yake. Mjane wa mwalimu mwenzangu alitakiwa auze Peugeot 404 ya marehemu kwa bei ya vyuma chakavu. Akaniomba ushauri.

Magari hayo yalianza kuundwa mwaka 1960, nayo yakashinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Sifa hiyo imo ndani ya bei.

Kipimo changu ni hiki: chukua bei ya gari zima la aina hiyo, kisha toa gharama ya matengenezo. Ogopa kwanza kutu ya chini, kwa kuwa 404 haina chesisi ya pekee. Bodi ndiyo uti wake wa mgongo. Rangi iliyopauka isikutishe. Injini, taa na viti vikiwa vile vile vya kiwandani, ongeza thamani, maana rangi mpya hununuliwa lakini asili ikishaondolewa hairudi.

Mtahini mwadilifu hatoi alama kwa kutazama mwandiko. Husoma karatasi hadi mwisho. Mjane alipoisoma yake, mnunuzi aliongeza bei.