Kuwamba Si Kuvisha

Mwezi uliopita aliniandikia kijana mmoja mwenye nia ya kufungua duka la samani, akinitaka nimsahihishie tangazo lake, na pamoja na tangazo hilo akaambatisha orodha ya istilahi aliyopewa, kwa kauli yake mwenyewe, na "wahusika". Na humo, mbele ya neno la Kiingereza upholstery, palikuwa pamepigwa chapa maneno haya, ambayo nayanakili herufi kwa herufi nisije nikadhaniwa nimeyazua: ufunikaji wa samani kwa nyenzo laini. Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena, na maneno yalikuwa pale pale.

Mtu hufunika chungu nzi wasiingie, hufunika sinia kwa kawa, hufunika aibu ya jirani yake akiwa muungwana. Na kila kilichofunikwa, kwa dhati ya neno lenyewe, chaweza kufunuliwa wakati wowote kwa mkono mmoja. Nani amepata kukifunua kiti chake cha ngozi ili wageni waketi? Na hizo nyenzo laini ndizo zilizonikosesha usingizi, kwa kuwa wenzo, ambao wingi wake ni nyenzo, ni mti mgumu ambao wazee wetu waliutia chini ya chombo wapate kukisukuma pwani, na wenzo ukiwa laini chombo hakiendi. Sikatai kwamba maana ya neno hilo imepanuka tangu zama hizo. Nasema tu kwamba aliyeliweka hapo alikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

Wapo wengine, waungwana zaidi, wasemao uvishaji wa viti. Kuvisha ni neno zuri, nami sina ugomvi nalo likikaa mahali pake. Kiti huvishwa pale mwenye nyumba anapokitia mfuko ulioshonwa kwa kipimo chake, ambao siku hizi wenyewe huuita kava, akauvua Ijumaa asubuhi, akaufua na kuuanika, akaurudisha jioni. Hiyo ni nguo, na kiti kimevaa. Lakini ngozi iliyokazwa juu ya mbao kwa misumari haivuliwi ila kwa koleo, na mwenye kuivua haitii katika beseni la sabuni. Kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja ni kumfanya mnunuzi asijue alichouziwa.

Yupo na wa tatu, ambaye elimu yake ya Kiarabu naiheshimu kuliko anavyoiheshimu yangu ya Kiswahili, naye ashauri tuseme tanjidi, kwa hoja kwamba Mwarabu humwita fundi wa kazi hii munajjid. Hilo ni kweli. Lakini asili ya neno hilo ni kuinuka, ndiyo maana nyanda za juu za Bara Arabu zikaitwa Najd, na tanjidi ikawa ni kuipamba nyumba kwa matakia na matandiko yaliyotuna. Mwarabu, basi, alitazama mto ulioinuka. Mjerumani naye aliita kazi hiyo kwa jina la mto, na Mfaransa kwa jina la zulia. Mwingereza ndiye wa ajabu kuliko wote: mafundi wa London waliopewa hati ya kifalme na Charles wa Kwanza mwaka 1626 walijulikana kwa jina litokanalo na kitenzi cha kushikilia kitu kisianguke, jina lisilotaja ngozi, wala kitambaa, wala kiti. Kila taifa limeiita kazi hii kwa lile ambalo jicho lake liliangukia kwanza, na sijui ni sheria gani ituzuiayo sisi tusifanye vivyo hivyo.

Tena si mara ya kwanza kwa samani hii kutuchezea. Sofa lenyewe ni msafiri mkongwe. Waarabu waliita suffa ukumbi ulioinuliwa na kutiwa kivuli, na katika msikiti wa Mtume huko Madina suffa ilikuwa ndiyo makao ya masahaba mafukara, Abu Huraira akiwa mmoja wao, ambao kwa sababu hiyo wakaitwa Ahlu Suffa. Waturuki wakalichukua neno hilo, Wazungu wakalipokea kwa Waturuki, na Mwingereza akatuletea sisi sofa likiwa limejaa springi na mito, mahali pa mafukara pakageuka fahari ya sebule ya tajiri. Kochi nalo limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kulaza, ambacho kwa Kilatini kilikuwa ni kuweka kitu mahali pake tu. Nayaeleza haya ili msomaji aone kwamba majina ya vitu vya kukalia hayajapata kuheshimu mipaka, na kwamba ugeni si kasoro. Kasoro ni kuwa na neno lako ndani ukaenda kuazima kwa jirani.

Na neno letu tunalo, nalo ni kuwamba. Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa Kiingereza ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 inalo, na maana yake ni kutandaza kitu juu ya kitu kingine kwa kukivuta na kukikaza: ngoma huwambwa kwa ngozi, kitanda huwambwa kwa kamba. Kiti cha enzi cha Lamu, chenye mbao nyeusi na nakshi za mifupa, mahali pa kukalia na pa kuegemea pamewambwa kwa nyuzi. Babu zetu, basi, walikuwa wakiifanya kazi hii, na wakiiita kwa jina lake, kabla ya msumari wa kwanza wa kochi kushuka bandarini. Kutokana na kitenzi hicho napendekeza, kama nilivyopendekeza miaka mingi bila ya kusikilizwa, uwambaji kuwa jina la kazi, wambo kuwa ile ngozi au kitambaa kilichokazwa, na mwambaji kuwa fundi mwenyewe.

Nililisema hilo katika kikao kimoja ambacho sitakitaja. Mjumbe mmoja akacheka, akasema kwamba mwambaji ni mwenye kuwaamba watu, yaani msengenyaji, na kwamba hakuna fundi atakayekubali kulitundika jina hilo mlangoni kwake. Ni kweli herufi zimekutana. Lakini kaa la moto na kaa wa pwani wameishi pamoja karne nyingi, wala hatujasikia mpishi aliyetia kaa wa pwani katika jiko la chuma akingoja amuivishie wali. Mjumbe wa pili, akiona mwenzake ameshindwa, akanitupia methali mbele ya hadhara nzima: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilifedheheka, nakiri, hata nikaacha chai yangu mezani; na nilipofika barabarani ndipo nilipozinduka kwamba bwana yule, kwa nia ya kunikejeli, alikuwa amenipa ushahidi ambao nisingeupata kwa kutafuta. Neno lisilokufa katika methali halijafa. Yeye mwenyewe, asiyelitaka, hakupata jingine la kunipigia.

Wamedai pia kwamba kuwamba ni kwa ngozi mbichi tu, kwa kuwa wahenga walisema ngozi ivute ili maji, ilhali ngozi ya kochi imekwisha lainishwa kwa dawa, iwe ni gome la mkandaa la pwani yetu, au miwati ambayo kampuni yake ilianzishwa Njombe mwaka 1949, au chumvi za kromiamu za viwandani. Jibu langu ni kitanda. Kamba za kitanda si ngozi, mbichi wala kavu, na bado huwambwa. Kitenzi hiki hakiangalii kilichovutwa, huangalia kule kuvutwa na kukazwa. Na kwa sababu hiyo hiyo chatosha kwa ngozi na kwa kitambaa, kwa mahameli na kwa turubai.

Nisije nikaambiwa kwamba nayapima maneno mezani tu, nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi wa samani. Nilimkuta kijana akikitengeneza kiti juu ya meza mbili: mikanda ya mpira imekwisha kusukwa chini, sponji imekwisha kubandikwa kwa gundi. Akatandaza kitambaa, akapiga pini moja katikati ya ubavu wa mbele, akavuta, akapiga nyingine katikati ya ubavu wa nyuma, kisha kulia, kisha kushoto, na ndipo akaanza kuziendea pembe. Kwa maana, alinieleza, ukianzia pembeni mistari ya kitambaa hupinda na hainyooki tena. Kitambaa husamehe, akasema, pini ikikosea waing'oa. Ngozi haisamehe, tundu ulilolitoboa litabaki hapo milele. Nikamwuliza kazi hiyo waiitaje. "Sisi hapa twasema kuvalisha, mzee," akanijibu kwa adabu, nami moyo ukaniingia baridi. Lakini kabla sijaaga alikipiga kiti kwa kiganja, akatega sikio, akapiga tena, akatikisa kichwa. "Hapa bado hapajawamba," akasema, akatwaa koleo. Sikumwambia lolote. Nilitamani tu wajumbe wote wangekuwapo.

Hapo Keko ndipo nilipokutana pia na balaa jingine, nalo ni leza. Kila ngozi huitwa leza, na ile ya bandia, ambayo haijapata kumjua ng'ombe, huitwa leza kwa sauti kubwa zaidi. Madaktari wetu nao wana miali ya leza wanayotibia macho. Neno ngozi lina taksiri gani mpaka lifukuzwe sebuleni? Ya ng'ombe na tuiite ngozi, na ya kiwandani ngozi bandia, na atakayeuza ya pili kwa jina la ya kwanza tumwite kwa jina alilolistahili.

Ama kochi lipi linunuliwe, jibu ni fupi: katika joto la pwani ngozi hugandana na mapaja, jua la dirishani huipasua na unyevu wa masika huiotesha koga, bali chai ikimwagika hufutwa kwa kitambaa kibichi, kitambaa hupumua, lakini hunywa chai hiyo hiyo na kulitunza doa lake, na ngozi bandia huanza kubambuka maganda mapema, hasa pale pa kukalia. Mwenye watoto wadogo na achukue kitambaa cha kuvisha, akifue.

Ombi langu kwako, msomaji, ni dogo. Utakapompelekea fundi kochi lako lililochakaa, mwambie, "Fundi, naomba uniwambie kochi hili," naye akikuuliza akuambie nini, usikasirike, wala usirudi kwenye kuvalisha kwa kuona haya. Rudia maneno yako taratibu, ukiitamka ile w kama ipasavyo, kisha mwambie kama wataka ngozi au kitambaa.